Maswali ya Wasomaji: Ampu nzuri umepata, sasa waya gani?

Mwezi huu barua za waya zimekuwa nyingi kuliko za kitu chengine chochote, nadhani kwa sababu ampu nzuri, yaani vile vikuza sauti vya kusukuma spika, zinaingia sana siku hizi, moja katoka nayo mtu Maskati, nyengine Dubai, nyengine kaleta mtoto wa dada kutoka London, na kila anoipata akifika dukani anaambiwa lazima anunue na waya wa bei kubwa la sivyo ampu yote kazi bure. Zilofanana nimezijibu pamoja. Nnaomba msome mpaka ya wenzenu, maana jibu la mtu wa Nungwi linamuhusu na wa Mkoani.

SWALI: Assalamu alaykum fundi. Ami yangu kaniletea ampu kutoka Maskati, nzito khasa, pamoja na spika mbili za kusimama chini, nyuma zimeandikwa ohm 4. Ampu iko upande wa TV na spika moja iko mbali, waya ukipita pembeni ya ukuta unafika mita 9. Dukani wananambia nichukue waya wa laki nane, eti ampu ya daraja hii haikubali waya mwengine. Ni kweli? (Msomaji, Mbweni)

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Si kweli, na hiyo laki nane usiitoe. Waya wa spika kazi yake ni kupeleka umeme kwenye spika na kuurejesha bila ya kuuzuia, na kinachozuia ni ukinzani, nao unatokana na urefu, unene na madini ya waya wenyewe, basi.

Tupige hesabu yako. Mita 9 kwenda na 9 kurudi ni mita 18, huo ndo urefu wa kuhesabu, wengi wanasahau kwamba umeme unarudi. Ule waya mwembamba wa 0.75 (namba hizi ni unene wa shaba ya ndani kwa milimita mraba) unaokuja na redio za kawaida, kwa mita 18 utakupa ukinzani wa karibu ohm 0.47. Wa 1.5 utakupa kama 0.24, wa 2.5 kama 0.14, na wa 4 haufiki hata 0.1. Kipimo wanachotumia mafundi wengi ni kwamba ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya ohm za spika, spika yako ni ohm 4, kwa hivyo mpaka wako ni 0.2, na hapo unaona mwenyewe kwamba 0.75 haifai, 1.5 imepitiliza kidogo, 2.5 iko ndani. Na hizo ohm 4 zilizoandikwa nyuma ni za makisio tu, kwenye baadhi ya sauti spika inashuka chini ya hapo, ndo maana kwako nisingechukua chini ya 2.5.

Ukikosea unene hutosikia kelele wala kukwaruza, utaisikia kwenye besi. Ampu nzuri inaishika koni ya spika isiendelee kuchezacheza baada ya mdundo kwisha, sasa waya mwembamba unakaa katikati ya ampu na spika na ule mshiko unapungua, besi inakuwa legelege, ngoma ya kidumbaki inasikika kama imelowa. Watu wanadhani ampu mbovu kumbe waya.

Jambo la pili ndo kubwa zaidi na hili naomba ulishike: hakikisha ni shaba. Nyaya nyingi za spika zinazouzwa kwenye mfuko wa plastiki unaong'ara, nene kwa nje, ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kamata uzi mmoja tu, ukwangue kwa wembe kwenye mwangaza, ukiona weupe chini ya wekundu basi ni hiyo. Na utaijua hata mkononi, roli zima jepesi. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba, kwa hivyo 2.5 ya namna hiyo kwa safari yako ya mita 9 inakupa kama ohm 0.22, umeshatoka nje ya mpaka na pesa umelipa. Muulize muuzaji akukatie ncha uikwangue mbele yake, anokataa mwachie waya wake.

Nenda duka la vifaa vya umeme, si duka la redio, ununue waya laini wa nyuzi nyingi wa 2.5, ule wanaotengenezea ekstenshen, ukwangue na huo vile vile, ukiwa shaba tupu utakutosha kabisa na bei yake huwezi kuilinganisha na laki nane. Kama una waya tatu ndani, tumia kahawia kwa chanya na buluu kwa hasi, ule wa kijani na njano ukate nyuma usiguse kitu. Ila nnakusihi, usije ukauacha ovyo mtu akautia plagi ya ukutani akidhani ni ekstenshen, uandike kwa teepu kabisa "SPIKA". Na hasi ya spika ya kulia isiungane na hasi ya kushoto ili kuokoa waya, ampu nyingi za sasa hazitaki hilo na zinaungua. Kila spika na nyaya zake mbili.

SWALI: Fundi shikamoo. Tangu mwanangu aunganishe TV na dikoda kwenye ampu ya marehemu baba yake, spika zinavuma mmmm hata kama hakuna kinachopigwa. Fundi mmoja wa mtaani kasema tuuvunje ule mguu mrefu wa plagi au tukate waya wa ethi ndani, mvumo utaondoka. Tufanye? (Mama wa Kikwajuni)

JIBU: Marahaba mama, na Mungu amrehemu mzee. Msifanye. Tafadhali sana msifanye, na kama umeshakatwa urejesheni leo leo kabla hamjawasha tena. Ni kweli mvumo unaweza kuondoka, lakini ule waya wa ethi upo kwa sababu bodi la ampu ni la chuma, siku umeme ukivuja ndani yake ethi ndo inayoupeleka chini na kuchoma fyuzi, bila ya ethi umeme utakaa pale pale kwenye chuma ukimsubiri mtoto aliyetoka kuoga na miguu mitupu. Ampu zilotengenezwa kutumika bila ya ethi zipo, nyuma zina alama ya kiboksi ndani ya kiboksi, yenu ina miguu mitatu basi iachwe na mitatu yake.

Mvumo wenu unatokana na umeme wa ardhini kupata njia mbili, moja kupitia plagi ya ampu na nyengine kupitia vifaa vilivyoungwa nayo, mara nyingi ule waya wa dishi unaoingia kwenye dikoda. Mwambie mwanao afanye hivi. Azime kila kitu, achomoe nyaya zote za nyekundu na nyeupe nyuma ya ampu, awashe. Kukiwa kimya, azime arejeshe kifaa kimoja, awashe asikilize, halafu chengine, mpaka mvumo urudi, hapo keshamjua mwizi. Ikiwa ni dikoda, auchomoe ule waya wa dishi kwa dakika moja, mvumo ukikatika basi umeshaingilia huko.

Kwanza ajaribu kuvichomeka vyote kwenye ekstenshen moja, TV, dikoda na ampu, maana mara nyengine hilo tu linatosha. Ikiwa bado, dawa ninayoipenda ni waya wa mwanga, ule mwembamba wenye ncha nyekundu inayong'ara, Toshiba ndo waliouleta mwaka 1983 na TV nyingi zina tundu lake limeandikwa OPTICAL. Ndani yake haupiti umeme, unapita mwanga, sasa mvumo utapita wapi? Ikiwa ampu ya mzee ni ya zamani haina tundu hilo, kuna kiboksi kidogo cha kugeuza mwanga kuwa sauti ya kawaida, kinakaa nyuma ya ampu, halafu kwenye menyu ya TV sauti iwekwe PCM. Usiukunje waya huo kwa kona kali, na usinunue mrefu kuliko unavohitaji, mita mbili tatu zinatosha.

SWALI: Mimi nina sehemu ya kulala wageni Nungwi, hatua chache kutoka pwani. Nimeweka ampu nzuri na nyaya za bei kabisa, lakini kila baada ya miezi michache spika moja inakatakata, nikiichezea ile waya nyuma inarudi. Nikikata ncha ndani kijani. Ninunue waya gani usioharibika?

JIBU: Ndugu yangu umegusa pale penyewe, na kama ingekuwa juu yangu kila duka la redio la visiwa hivi lingekuwa na karatasi ukutani inayoeleza hili. Adui wa waya kwetu sisi ni chumvi. Chumvi ya hewani inatua juu ya ncha ya waya, inavuta unyevu, shaba inaanza kuota ule ukungu wa kijani, na unyevu unapanda ndani ya plastiki baina ya nyuzi, kwa hivyo ukikata ncha sentimita moja bado utakuta kijani, unatakiwa ukate mpaka ukutane na shaba nyekundu inayowaka, hata kama ni sentimita kumi.

Waya unaokufaa ni wa shaba iliyopakwa bati, nyuzi zake kwa nje nyeupe lakini ukizikwangua ndani nyekundu, yaani kinyume cha ule wa aluminiamu nilomueleza mwenzako wa Mbweni, ambao ndani ndo mweupe. Huo ndo wanaotumia kwenye maboti, na kwenye maboti hawautumii kwa urembo. Muulize mtu anofunga umeme wa boti za wageni hapo hapo kwenu. Ule wa aluminiamu kwako wewe usiukaribishe hata mlangoni, kwa sababu madini mawili tofauti yakigusana penye maji ya chumvi yanalana, aluminiamu ndo inayoliwa, utakuta unga mweupe na nyuzi zinakatika kwa kidole.

Halafu ncha. Hapa ndo pesa yako iende. Nunua zile pini nene za kuchomeka nyuma ya ampu, watu wanaziita banana, zilopakwa dhahabu. Dhahabu haipitishi umeme vizuri kuliko shaba, kwa kweli inashindwa na shaba, faida yake ni kwamba haishiki kutu. Ubane waya ndani ya pini kwa koleo ya kubania, au ulehemu, halafu uvalishe mpira ule unaonywea kwa moto mpaka hewa isipate pa kuingilia. Lakini ukitaka kuingiza waya mtupu chini ya skrubu usiupake lehemu ncha yake, ijapokuwa mafundi wengi wanafanya, kwa sababu lehemu ni laini, ukiikaza inanywea taratibu, baada ya muda skrubu imelegea yenyewe na wewe huna habari, na hapo ndo inapoanza kukatakata. Tumia kile kijibomba cha bati cha kubana.

Na kila baada ya muda, ampu imezimwa na imechomolewa, toa pini, zifute kwa spiriti safi na kitambaa, uzizungushe mara kadhaa ukizirejesha. Mafuta ya kupikia, ya nazi, ya cherehani, hapana.

SWALI: Fundi sisi tunapiga muziki kwenye maharusi huku Chake, tumepata ampu ya maana mwaka huu. Spika ziko mbali kama mita 20 na tunatumia waya wa gitaa wenye jeki kila upande maana ndo tulokuwa nao. Jana nimeshika waya ulikuwa na joto. Vp, kawaida?

JIBU: Si kawaida mdogo wangu, acheni kuutumia kabla ya harusi ijayo. Waya wa gitaa ndani una uzi mmoja mwembamba na wavu umeuzunguka, umetengenezwa kubeba umeme mdogo mno wa gitaa, nyinyi mnapitisha umeme wa kusukuma spika, ndo hilo joto, na siku plastiki ikiyayuka uzi ukagusa wavu ampu imekwenda. Kwa nje unafanana na waya wa spika wenye jeki, kwa hivyo tizama maandishi ubavuni, au fungua kifuniko cha jeki, waya wa spika una nyaya mbili nene sawa sawa. Jeki nayo si nzuri kwa ampu kubwa, ukiichomoa inapiga shoti kidogo. Ampu yenu bila shaka ina yale matundu ya duara ya Speakon, tumieni hayo, pini yake unaizungusha inajifunga, mtu akijikwaa haitoki, ndani unafunga 1+ na 1−.

Kwa mita 20, ikiwa mnaunga spika mbili za ohm 8 kwa pamoja hiyo inakuwa ohm 4, waya wa 2.5 utakula nguvu yenu, chukueni wa 4. Au lilo bora kuliko lote, ampu ipelekeni karibu na spika, halafu kutoka kwenye miksa mpaka kwenye ampu mvute waya wa XLR wa pini tatu. Huo hata mita 50 hauna wasiwasi, kwa sababu sauti inakwenda kwenye nyaya mbili zilopinduana na ampu inachukua tofauti yao, kwa hivyo mvumo ulioingia njiani unajifuta wenyewe. Waya wa spika mfupi na mnene, wa XLR uende urefu wote, maharusi yenu yatasikika vyengine kabisa.

SWALI: Maalim, mie ni mtu mzima, nina santuri zangu za taarab za miaka mingi. Kijana kanifungia mashine ya santuri kwenye ampu mpya, sauti ndogo, nyembamba, na inavuma. Kaniongezea waya mrefu ili mashine ikae dirishani, ikazidi. (Mzee wa Wete)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hapo pana mambo matatu. Sauti ndogo na nyembamba, karibu hakika mashine imechomekwa kwenye tundu la AUX au CD, sindano ya santuri inatoa umeme mdogo sana na inahitaji tundu lilioandikwa PHONO, ambalo linakuza na kurejesha besi iliyopunguzwa wakati santuri inakatwa. Ikiwa ampu mpya haina PHONO kuna kiboksi chake cha kununua. Mvumo, amtizamie ule waya mwembamba mmoja unaotoka kwenye mashine pamoja na nyekundu na nyeupe, huwa na kijipanga kidogo mwishoni, ufungwe kwenye skrubu ya GND nyuma ya ampu, vijana wengi hawaujui wanauacha unaning'inia.

Na ule waya mrefu autoe. Hapa ndipo pahala pekee katika barua zote za mwezi huu ambapo aina ya waya inabadilisha sauti kweli kweli hata ukiwa mzima na mnene. Sindano za kawaida zinataka zikutane na kilo-ohm 47 na kiasi maalum cha umeme unaohifadhiwa baina ya uzi na wavu wa waya, wanaupima kwa pikofaradi, sindano nyingi zinataka baina ya 100 na 300 kwa jumla, ampu na waya pamoja. Waya wa kawaida una kama 100 kila mita, kwa hivyo mita tatu nne zimeshapitiliza, sauti za juu zinapata ukali pahala pamoja kisha zinakatika, na wewe mwenye sikio la taarab utaikosa kanuni kwanza, halafu fidla. Usizidi mita moja na robo. Mashine irudi karibu na ampu, dirishani kwenyewe jua si zuri kwa santuri.

Ukiwa na zile za zama za Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, hizo ni za mizunguko 78 na mfereji wake mpana, mzee, usizipige kwa sindano ya santuri za kisasa, inacheza chini ya mfereji na unasikia mkwaruzo mtupu. Ina sindano yake, pana zaidi, mashine nyingi unabadilisha tu.

SWALI: Kaka yangu kaniletea ampu ya Naim kutoka Uingereza, imetumika. Spika ziko pembeni yake tu, nimekata waya mita moja moja ili usiwe mrefu bure. Sawa?

JIBU: Kwa ampu nyengine ningekwambia hongera. Kwa hii, hapana. Naim kwa miaka mingi wamezitengeneza ampu zao zikitegemea waya wa spika wenyewe uwe sehemu ya mzunguko, na kwa waya wao wa NAC A5 wanasema usipungue mita 3.5 kila upande. Weka mita 3.5 au zaidi, pande zote mbili sawa, waya wa nyuzi mbili sambamba wa kawaida, na uliobaki usiuviringishe roli, ulaze kwa mawimbi nyuma ya kabati. Nyaya zilosukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba kama mkeka, ambazo zinauzwa ghali, kwa ampu hii zikae mbali, zinaweza kuifanya itikisike kwa sauti usiyoisikia mpaka ikapata moto.

SWALI: Waya wa fedha tupu, na waya wa umeme wa ukutani wa bei kubwa, vinafaa? Na ile mishale kwenye waya ina maana? (Wasomaji kadhaa, Mjini na Paje)

JIBU: Fedha inaishinda shaba kwa kama asilimia 6 tu, kwa hivyo shaba ya 2.5 inaishinda fedha ya 1.5 bila ya taabu. Mishale kwenye nyaya za nyekundu na nyeupe mara nyengine ina maana, wavu wa ndani umefungwa upande mmoja tu, basi mshale utoke kwenye kifaa kinachopiga uelekee kwenye ampu. Kwenye waya wa spika ugeuze utakavyo.

Waya wa ukutani uliokuja na ampu unatosha, ilimradi ukae imara kwenye tundu na fyuzi ndani ya plagi iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha ampu, isiwe kipande cha waya kilichozungushwa. Lakini kabla ya kuuchomeka soma kibati nyuma: ampu ya Oman au Uingereza unaichomeka, ya soko la Marekani ni volti 120 na ya Japani 100, hizo zinataka transfoma kwanza, na transfoma iwe na wati zaidi ya zilizoandikwa kwenye kibati hicho hicho.